Mafuta ya Mama Mkwe

Nimewahi kutibiwa kifua kikuu nisichokuwa nacho, pumu nisiyokuwa nayo, na nimonia tatu ambazo nadhani moja tu ndiyo ilikuwa halali yangu. Nimeshuhudia tarumbeta langu likipelekwa maabara kupimwa. Nimesaini karatasi ya kukubali kupasuliwa kifua, tena kwa saini nzuri kabisa, kwa sababu nilikuwa naogopa na mimi nikiogopa mwandiko wangu unanyooka. Yote hayo yalinipata kwa kosa moja tu: mimi ni mkwe mwenye adabu.

Nianze na kazi. Mimi ni mpiga tarumbeta. Ukiona msafara wa harusi unapita mjini Mwanza, bibi harusi yuko gari la mbele, na mbele yake tena iko pikapu iliyojaa wanaume wa mashati ya njano wanaopuliza vyuma, yule mfupi wa kulia anayefumba macho kama anaombea chakula ni mimi. Bendi yetu ina watu saba na chumba kimoja cha kupanga pale Mirongo, tunakotunza vyombo na kugombana. Harusi tunaenda, kipaimara tunaenda, duka likifunguliwa tunaenda. Msibani hatuendi, ila tukiombwa vizuri tunaenda. Kazi hii inataka midomo na mapafu, na midomo yangu haijawahi kuniangusha hata siku moja.

Mke wangu ni Msukuma wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Busisi, mimi ni Mjita. Siku ya kupeleka mahari baba yake mdogo alinivuta pembeni, nyuma ya zizi, akanifundisha namna ya kuishi na mama mkwe. Usimpe mkono. Usikae naye benchi moja wala usile naye sahani moja. Ukikutana naye njiani, mpishe. Ukiwa na neno, lipitie kwa mke wako. Mbele yake usitaje habari za mwili wako, iwe tumbo, iwe mguu. La mwisho alilisema amenishika bega kabisa: akikuletea kitu, pokea, maana mama mkwe hakataliwi. Kwetu Wajita heshima hiyo ipo pia, lakini kwetu angalau mtu anaruhusiwa kupumua. Mimi kwa kuwa ni mgeni niliamua kuwazidi wenyewe. Miaka tisa sikumtazama mama mkwe usoni. Ungeniuliza anafananaje ningekueleza habari za ndala zake, kwamba zamani zilikuwa za bluu na siku hizi ni za kijani.

Mama mkwe alikuwa na biashara ya mapanki. Ni ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kukatwa, na bado ina nyama ya kutosha mtu kushiba. Yeye aliyanunua, akayakaanga, akayauza sokoni kwao. Lakini fahari yake ilikuwa mafuta. Alikusanya mafuta yote ya tumboni mwa sangara, akayayeyusha kwenye sufuria kubwa, akayachuja kwa kitambaa na kuyatia kwenye chupa za juisi zilizokwisha. Yalikuwa mazito, ya rangi ya chai ya rangi, na harufu yake ilifika mlangoni kabla ya chupa. Watoto wake wote saba walikua kwa mafuta hayo. Kila alipohesabu watoto hao aliyahesabu na mafuta humohumo, kana kwamba yalichangia kuwazaa.

Basi siku moja mvua ilitunyeshea kwenye pikapu kuanzia kanisani hadi ukumbini, nikapata mafua. Mama mkwe alikuwa amekuja kwetu Kiseke kumwona mjukuu mchanga. Nikakohoa. Mimi nilikuwa chumbani, yeye sebuleni, kati yetu kuna ukuta na pazia, na bado nilijisikia kama nimevua shati mbele yake. Wiki iliyofuata chupa ya kwanza ikafika, na maelekezo yake yakanifikia kupitia kwa mke wangu, neno kwa neno, kama tangazo la serikali ya kijiji. Jioni baada ya kula, kijiko kimoja kikubwa kinywani. Kisha nilale chali, kichwa kikining'inia ukingoni mwa kitanda, nidondoshewe mafuta ya vuguvugu puani, matone matatu kila upande, yashuke kifuani. Nisiinuke mpaka yawe yameshuka.

Yalishuka. Ninachoweza kusema ni kwamba niliyasikia yakishuka. Mke wangu alitumia bomba la sindano lisilo na sindano, alilolinunua duka la dawa, na kwa kuwa ni mtu wa kazi safi hakukosea hata tone moja. Mimi nilikuwa nikipaliwa, nikigeuka bluu, nikiona nyota, huku nikimwambia mwambie mama ninashukuru.

Mafua yalipona, kama mafua yanavyopona. Mafuta hayakupona. Mama mkwe aliposikia kwamba nimepona akaona ushahidi umekamilika. Akaagiza kwamba mtu wa tarumbeta lazima kifua chake kilainishwe kila siku, kama cherehani. Kila mwisho wa mwezi akawa anavuka kwa kivuko pale Kigongo, siku hizo daraja likiwa bado nguzo tu ndani ya maji, chupa imesimama kwenye kikapu na imezungushiwa kanga isimwagike. Alikuja kwa ajili yangu. Nani angekuwa na moyo wa kumwambia arudi nayo?

Baada ya miezi kadhaa nikaanza kukohoa. Mwanzoni kilikuwa kikohozi kidogo cha adabu, kisha kikaota mizizi. Zahanati wakasema nimonia, wakanipa vidonge, nikapata nafuu kidogo na kurudia. Nimonia ya pili. Nimonia ya tatu. Kila nilipokohoa, habari ilivuka ziwa, na kila habari ilipovuka kijiko kikaongezeka. Ilifika mahali nikawa nameza viwili na matone matano kila tundu la pua, na mke wangu ananiuliza unaonaje, nami namjibu naona kama kinalainika.

Sasa, kila daktari aliniuliza kama natumia dawa za kienyeji. Nikajibu hapana. Wala sikudanganya. Kwangu mimi dawa ya kienyeji ni mizizi, ni unga wa kijivu uliofungwa kwenye gazeti, ni mzee anayekuambia jirani yako ndiye mbaya wako. Mafuta ya sangara ni mafuta ya sangara. Lakini kulikuwa na sababu nyingine niliyoificha hata nafsi yangu isiione. Kumtaja mama mkwe katika mazungumzo ya makohozi yangu niliona ni kumvunjia heshima, na mtu mwenyewe hayupo hapo kujitetea.

Wakapima makohozi mara tatu, yakawa safi. Picha ya kifua ikaonyesha wingu chini upande wa kulia. Daktari akasema wapo wenye kifua kikuu ambacho makohozi hayakionyeshi, nami kwa ujinga wangu nikaona hiyo ni namna fulani ya cheo. Nikaanzishiwa dawa za miezi sita. Mkojo ukawa rangi ya soda ya machungwa. Wenzangu wa bendi, ambao miaka yote tulikuwa tukipokezana kikombe kimoja cha chai, wakakaa kikao. Iliamuliwa kwa kura sita dhidi ya moja kwamba nihamie nyuma kabisa ya pikapu, niangalie nje. Kwa hiyo mwaka ule nilipiga tarumbeta kwa ajili ya magari yaliyotufuata. Kuna dereva mmoja wa lori la maji, pale Nyamagana, alinijibu kwa honi mpaka tukamaliza wimbo mzima pamoja, na ninakiri kwamba alikuwa na mdundo kuliko mpiga ngoma wetu.

Dawa hazikusaidia kitu. Mama mkwe akaeleza kwamba dawa kali za hospitali hukausha kifua, kwa hiyo kilainishwe asubuhi na jioni.

Katikati ya hayo tukaitwa harusi ya familia moja ya wafanyabiashara Wahindu, watu wa siku nyingi pale mjini. Bwana harusi alikuja juu ya farasi, sijui farasi yule walimtoa wapi Mwanza hii, na sisi tukamtangulia kwa miguu. Mbele ya umati kikohozi kikanikamata tarumbeta likiwa mdomoni. Nikakohoa ndani yake. Ikatoka sauti ambayo haipo katika muziki wa taifa lolote. Nilitaka ardhi inimeze. Lakini mjomba wa bwana harusi, bwana mmoja mnene wa kilemba chekundu, akainua mikono juu na kuanza kucheza, akaja hadi mbele yangu na kunionyesha kwa vidole kwamba nirudie. Nikarudia. Nilikohoa kwa makusudi mitaa mitatu. Mpaka leo wenzangu huuita wimbo ule wa Kihindi na kuniomba niwafundishe.

Baada ya kifua kikuu ikaja pumu. Nikapewa pampu ya kuvuta, nikavuta, nikakohoa pampu. Kisha nikaangukia mikononi mwa daktari mmoja kijana, mtu wa kusoma sana, ambaye macho yalimng'aa aliposikia kazi yangu. Akaniambia kwamba duniani wapo watu wachache wanaougua mapafu kwa sababu ya ukungu unaoota ndani ya vyombo wanavyopuliza. Ni ugonjwa adimu, alisema, na mara nyingi watu huuita pumu au kifua kikuu. Akaagiza nimletee tarumbeta kesho yake.

Nikalileta limefungwa kwenye taulo. Maabara walikuwa na fomu moja tu. Yule mtu wa maabara, mzito wa kucheka, akaandika tarumbeta mahali pa mgonjwa, akaniuliza umri, nikamwambia kama miaka kumi na tano hivi, na mahali pa jinsia akafikiri sana kisha akaacha wazi. Majibu yalirudi baada ya siku kadhaa. Ndani ya tarumbeta langu kulikuwa na ukungu, utando wa mate ya kale, na mguu mmoja wa mende. Wenzangu waliposikia, kila mmoja akaosha chombo chake kwa mara ya kwanza tangu tujuane, na mpiga tromboni hakuonekana siku mbili kwa aibu ya alichokikuta. Mimi nikakatazwa kupuliza miezi mitatu. Kikohozi kikaendelea vilevile, kikiwa sasa na nafasi zaidi. Tarumbeta likaachiwa huru kwa kukosa ushahidi.

Hapo mchezo ukaisha. Nilikuwa nimekonda, nikipanda ngazi mbili nasimama kama mtu anayesoma tangazo. Nikapelekwa hospitali kubwa, nikaingizwa kwenye lile tundu la siti skani, na majibu yake nilipewa na daktari bingwa, mama mmoja mtu mzima mwenye miwani ya kamba shingoni. Alizungumza polepole. Lile wingu lilikuwa limekuwa donge kama yai, alisema, na donge la namna ile kwa mtu aliyekwisha tibiwa kila kitu linatia wasiwasi. Alikuwa hataki kungoja. Alitaka kufungua kifua na kuikata ile sehemu ya pafu, kisha waichunguze.

Nikamuuliza kama nitapiga tena. Akasema nitatembea, nitafanya kazi ndogondogo, nitalea wanangu. Tarumbeta hakuweza kuniahidi. Nikasaini. Kisha nikaenda chooni nikalia, na nililia kwa sababu zote mbili, kwa kuogopa kufa na kwa kuogopa kuishi nikiwa mtu wa kushika kapu la sadaka kwenye harusi za wenzangu.

Bendi ilikuja kunitazama wodini. Walileta machungwa, wakakaa kitandani kwangu, na ndani ya dakika tano walikuwa wanagombania nani achukue nafasi yangu Jumamosi. Mpiga tromboni alisema mimi sijafa bado. Nikamshukuru kwa kunikumbusha.

Siku ya upasuaji nilitakiwa niwe sijala kitu tangu jioni iliyotangulia. Nesi alitundika kibao kitandani: ASILE, ASINYWE. Saa za kutazama wagonjwa, mke wangu akaja, na nyuma yake nikaziona ndala za kijani. Mama mkwe alikuwa amevuka na boti ya kwanza. Kwa kuwa hawezi kusimama mbele ya mkwe aliyelala, aliomba lile pazia la magurudumu linalowekwa kati ya vitanda, akalivuta na kusimama nyuma yake. Nilichoona ni ndala tu na chini ya kikapu. Mzee wa kitanda cha pili, ambaye pazia lilimwacha upande wa mama mkwe, akawa anatazama yote kama mtu aliyekata tiketi.

Mama mkwe alikuwa amesomewa kile kibao na mwanawe. Akasema, kupitia kwa mwanawe, kwamba mafuta si chakula wala kinywaji. Tena mtu anayekwenda kukatwa kifua ndiye hasa anayehitaji kulainishwa, kisu kipite vizuri. Mke wangu akanitazama. Aliponitazama hivyo nilijua anataka niseme kitu. Mimi nikajilaza chali na kuning'iniza kichwa.

"Kushoto bado," mama mkwe alikuwa akisema nyuma ya pazia, mafuta yakiwa yananishuka. "Usimwache ainuke."

Wakati huohuo daktari bingwa akaingia wodini na wanafunzi wake watano. Wakatukuta hivyo: mimi kichwa chini, macho yamenitoka, mke wangu ameshika bomba juu ya pua yangu, na pazia linatoa amri. Akauliza ni nini kile. Nikasema, kwa sauti ya mtu aliyeziba, kwamba ni mafuta tu. Akauliza mafuta gani. Nikazitazama ndala za kijani. Akauliza tangu lini, na hapo pazia likashindwa kujizuia. Mama mkwe akajibu mwenyewe, kwa fahari, kwamba ni mafuta ya sangara, yeye ndiye anayeyatengeneza, ni mwaka wa pili sasa, na mkwe wake hajakosa hata siku moja.

Daktari akavua miwani. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu, kitu ambacho sijawahi kuona daktari bingwa akifanya, akaichukua chupa, akainusa, na kuirudisha chini. Nilidhani atagomba. Alisema tu, akiwaambia wanafunzi wake lakini akinitazama mimi, "Nilimuuliza dawa. Sikumuuliza mafuta."

Upasuaji ukafutwa hapohapo. Akaenda kuitazama upya ile picha, na aliporudi alisema kwamba ndani ya lile donge kulikuwa na madoa meusi, meusi kwa namna ya mafuta, na kwamba alikuwa ameyaona lakini hakuyapa maana. Kwa kuwa tumbo lilikuwa tupu nikapelekwa moja kwa moja kwenye kipimo cha mpira wenye kamera. Waliupitisha kooni hadi mapafuni, wakaingiza maji, na kuyavuta tena. Yale maji waliyatia kwenye kichupa cha kioo. Baada ya muda kwenye meza, juu yake palikuwa pametanda utando wa mafuta.

Alasiri daktari akaja na wanafunzi wake na kile kichupa, akatueleza. Tumbo likipewa mafuta lina njia ya kuyashughulikia. Mapafu hayana njia hiyo. Mafuta yakidondoshwa kwa mtu aliyelala yanateleza kimyakimya bila hata kumkohoza vya kutosha, yanakaa mle, mwili unayaona ni adui na kuyajengea ukuta, na ukuta huo kwenye picha unafanana na nimonia, unafanana na kifua kikuu, unafanana na saratani. Ni nimonia ya mafuta. Katika kazi yake yote alikuwa amekutana nayo mara mbili tu. Dawa yake kubwa ni kuacha, kisha kungoja. Pafu langu lingebaki na kovu, alisema, lakini lingebaki kifuani. Tarumbeta je? Akasema nijaribu baada ya miezi sita, kwa nyimbo fupi.

Furaha niliyoisikia sina namna ya kuieleza, wala haikudumu, maana nikaziona ndala za kijani chini ya pazia. Hazikuwa zinasogea.

"Mwanangu daktari," sauti ikasema kutoka huko, "hicho kichupa, naomba nikione."

Daktari akampelekea. Mama mkwe ni mtu aliyechuja mafuta yale kwa mikono yake maisha yake yote, hakuhitaji kuelezwa. Tulimsikia akinusa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo kama ameniua. Daktari akasema hapana, hajaniua, ila alikuwa njiani. Nilimwonea huruma mama yule kuliko nilivyowahi kujionea mimi mwenyewe. Angekuwa amenitukana, angekuwa amenipiga na ndala, ningevumilia vizuri zaidi.

Ndipo pazia likasukumwa. Magurudumu yalipiga kelele wodi nzima. Mama mkwe akatoka, akavuta kiti, akakaa karibu na kichwa changu, na mimi nikafumba macho kwa adabu.

"Baba," akaniambia. Mimi, si mke wangu. "Fumbua macho. Ulikuwa unayapenda haya mafuta?"

Nikamwambia la. Nikamwambia nilikuwa nayachukia tangu tone la kwanza.

"Sasa mbona hukukataa?"

"Ningekukataliaje, mama?"

Hapo nikafumbua macho. Alikuwa na uso mwembamba, na mwanya, na macho ya mke wangu kabisa. "Kwa hiyo ungekubali wakupasue," akasema, "wakukate pafu, watoto wabaki hivihivi, kuliko kuniambia mimi mafuta yangu huyataki."

Nilifikiri sana nione kama kuna jibu jingine. Halikuwepo. "Ndiyo, mama," nikasema.

Mke wangu akageukia dirishani. Daktari akawatoa wanafunzi wake, ila yeye mwenyewe akabaki mlangoni akijifanya anaandika. Mama mkwe alikaa akizungusha kanga yake vidoleni, kisha akasema kwamba hilo lazima litengenezwe leo, kwa sababu yeye akirudi kwake hatapata usingizi. Kila akikaanga kitu atajiuliza kama huku mtu anakimeza kwa adabu. Akasema atanipa kitu, nami nikatae. Nikamwambia siwezi. Akasema ameniamuru. Nikaona kwamba kwa hesabu hiyo hata kukataa kungekuwa kutii, na hilo likanipa nguvu kidogo.

Bahati mbaya ni kwamba kitu chenyewe kilikuwa uji. Mke wangu alikuwa ameleta chupa ya uji wa ulezi, wa maziwa na karanga, akiwa na nia ya kunipa nikishazinduka. Ganzi ya kooni ilikuwa imekwisha, nesi alikuwa ameshaondoa kile kibao, na mimi nilikuwa sijala tangu jana yake. Mama mkwe akamimina kikombe kikajaa. Mvuke ukanipiga usoni. Akanikabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima zote, kama anavyopewa mgeni.

"Karibu uji, baba."

Tumbo langu likajibu kabla yangu, na mzee wa kitanda cha pili alilisikia. Mkono wangu ulikuwa tayari njiani. Niliurudisha chini ya shuka na kuukalia.

"Hapana, mama," nikasema. Koo lilikuwa limechubuliwa na ule mpira, ikatoka kama upepo tu.

"Sijasikia."

"Hapana, mama."

"Na mafuta?"

"Hapana. Siyataki, mama. Sikuwahi kuyataka."

Akashusha pumzi. Kikombe akampa mzee wa kitanda cha pili, naye akakipokea bila kuuliza na kuanza kunywa kwa sauti. Kisha mama mkwe akajifunika uso kwa kanga, na mabega yakawa yanatikisika, sikuweza kujua kama ni kilio au kicheko.

"Sema tena, baba," akasema humo ndani ya kanga. "Ukinikatalia ndipo najua utaishi."

Nikamkatalia tena, na tena, mpaka mzee akamaliza uji.